Kuna Nini Ndani ya Mfuko wa Shabaha? Historia ya Mchanga, Magunzi na Maharage

Kama umewahi kuona picha za mashindano ya kulenga shabaha kutoka mezani, yale ambayo mlengaji anakaa kwenye kiti na bunduki imelazwa mbele yake, huenda macho yako yalikwenda moja kwa moja kwenye bunduki. Ni kawaida: mtutu mnene, darubini ndefu, mtu kainama kama fundi saa. Leo nataka uangalie chini kidogo. Mbele, chini ya bunduki, kuna mfuko mdogo wa ngozi. Nyuma, chini ya kitako, kuna mwingine wenye masikio mawili yaliyosimama kama ya sungura. Bunduki nzima imelala juu ya mifuko hiyo miwili, na mlengaji anaigusa kwa wepesi sana. Wengine hata hawaishiki, wanagusa kifyatulio tu.

Swali letu ni hili: ndani ya ile mifuko kumejazwa nini?

Jibu la haraka ni "mchanga." Sawa, lakini mchanga upi? Kwa miaka mingi watu wamejaza humo mchanga wa mto, mchanga wa viwandani wenye uzito karibu mara mbili ya huo, magunzi ya mahindi yaliyosagwa, maganda ya jozi, mchele, maharage, na punje za plastiki. Kila kimoja kina sababu yake ya kuingia mfukoni, na mara nyingi sababu hiyo haikuwa sayansi. Watu walijaza walichokuwa nacho. Sayansi ya kueleza kwa nini kitu kimoja kinakubali na kingine kinagoma ilikuwepo, ila ilikaa kwenye majarida ya watu wengine kabisa.

Sehemu moja ya kumi ya milimita

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu utaona watu hawa wana wazimu.

Chukua bunduki ya mashindano yenye uzito wa kilo 4.7. Risasi yake ina gramu 4.4 hivi, baruti gramu 2 hivi. Risasi inapokimbia mbele ndani ya mtutu, bunduki inarudi nyuma. Hilo hulikwepi, ni ile sheria ya Newton uliyokaririshwa sekondari. Ukipiga hesabu kwa mtutu wa sentimita 55, utakuta kwamba mpaka risasi inatoka mdomoni, bunduki imerudi nyuma zaidi kidogo ya nusu milimita. Nusu milimita tu, ndani ya takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde! Teke unalolisikia begani, sehemu yake kubwa, linakuja wakati risasi imeshakwenda zake.

Sasa tuseme mfuko wa mbele na wa nyuma viko umbali wa sentimita 60. Umelenga vizuri, umetulia. Kati ya kulenga na risasi kutoka, mfuko wa nyuma ukadidimia sehemu moja tu ya kumi ya milimita. Kitako kinashuka, mdomo wa mtutu unainuka. Kwenye shabaha iliyo yadi 100, yaani mita 91, risasi itapanda juu milimita 15. Usiniamini, fanya mwenyewe: 0.1 gawanya kwa 600, zidisha kwa 91,000. Na hawa ni watu wanaoshindania kupitisha risasi tano karibu kwenye tundu moja.

Kwa hiyo mfuko unadaiwa mambo mawili yanayogombana. Wakati unaipanga bunduki, uwe laini, ufuate umbo la kitako, ukubali kusogezwa. Ukishatulia, uwe jiwe. Na ukirudisha bunduki kwa risasi ya pili, ufanye vilevile tena, na ya tatu, na ya tano. Mto wa pamba unaweza la kwanza, la pili umeshindwa. Tofali linaweza la pili, la kwanza halijui. Ni kitu gani duniani kinajua yote mawili?

Gunia kabla ya mfuko

Kabla ya kuwa egemeo la michezo, mchanga ndani ya gunia ulikuwa ngao. Na haukuwa chaguo pekee. Kwenye vita vya New Orleans, Januari 1815, Wamarekani walitumia marobota ya pamba kukinga baadhi ya mizinga yao, kwa sababu New Orleans ilikuwa bandari ya pamba na pamba ilikuwepo. Mengine yalisambaratishwa, mengine yakashika moto. Septemba 1861, huko Lexington, Missouri, wanajeshi wa upande wa Kusini walikuta maghala yenye marobota ya nyuzi za mmea wa bangi (nyuzi za kamba, usianze kucheka). Wakayalowesha maji yasishike moto, wakawa wanayaviringisha mbele yao huku wakisogea taratibu kumzingira adui. Wakashinda.

Unaona utaratibu? Mji wa pamba ulitumia pamba, mji wa kamba ulitumia nyuzi. Mchanga ukaja kuvishinda vyote kwa sababu tatu rahisi. Hauungui. Upo karibu kila mahali ambapo mtu anaweza kuchimba handaki. Na unasafirisha gunia tupu. Uzito unaukuta hukohuko. Sababu hii ya tatu iweke pembeni, tutaihitaji tena tukifika mbugani.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia magunia hayo yalishonwa kwa mamilioni kutokana na juti ya Bengal, mengine yakipitia viwanda vya Dundee, Scotland. Na ndani ya mahandaki yale gunia likapata kazi ya pili: kushikilia bunduki ya mdunguaji. Hesketh-Prichard, mwindaji na mcheza kriketi wa Kiingereza aliyeanzisha shule ya wadunguaji huko Ufaransa mwaka 1916, alilalamika kwamba Waingereza walikuwa wanapanga magunia yao nadhifu mno, kingo zimenyooka kama ukuta wa nyumba, hivyo kichwa kikichomoza tu kinaonekana. Wajerumani walirundika magunia ya rangi tofauti shaghalabaghala, na katikati ya fujo hiyo tundu la kufyatulia halionekani. Yeye alikuwa anawaza kujificha. Lakini mdunguaji yeyote aliyeegemeza bunduki kwenye magunia yale alijua tofauti nyingine pia: udongo uliolowa mvua ukakauka si sawa na mchanga mkavu.

Daktari aliyetaka kuufukuza mfuko

Kabla ya vita hivyo, Marekani, kulikuwa na watu waliokuwa wamezama kwenye swali moja tu: bunduki inaweza kupiga sawasawa kiasi gani, ukiondoa udhaifu wa binadamu?

Tarehe 16 Mei 1901, huko Colorado, mlengaji aitwaye C. W. Rowland, akiwa na mtutu uliotengenezwa na fundi Harry Pope na bunduki ikiwa kwenye egemeo, alipiga risasi kumi kwa yadi 200 (mita 183). Vitovu vya matundu mawili yaliyokuwa mbali zaidi vilitengana inchi 0.725, milimita 18 na ushee. Kwa mwaka ule! Kipimo hicho kilitajwa kwa miongo mingi kila watu walipozungumzia usahihi.

Mwingine ni Franklin Mann, daktari wa Milford, Massachusetts, na kwangu mimi ndiye kipenzi cha habari hii. Mann aliona kila egemeo laini ni mshukiwa. Kama risasi imepotea, utajuaje kosa ni la risasi, la mtutu, la upepo au la mfuko? Basi akajenga nguzo ya zege iliyozama ardhini, juu yake akaweka mfereji wa chuma wenye umbo la V, akalaza mtutu humo. Akauita mtambo huo "Gibraltar" yake ya kufyatulia, kama ule mwamba. Mwaka 1909 akatoa kitabu juu ya safari ya risasi kutoka kwenye baruti hadi kwenye shabaha, na moja ya mambo aliyoyaonyesha ni kwamba risasi isiyo na mizani, yenye uzito uliolalia upande, inakwenda kombo hata mtutu ukiwa umetulia kama kaburi.

Kama mwanafunzi wa maabara, namwelewa kabisa. Ondoa kigeugeu kimoja ili ukione kingine. Ila zege la Mann lilikuwa jibu la swali la maabara. Huwezi kubeba nguzo ya zege kwenda nayo mashindanoni, na hata ungeweza, mashindano yangepima nguzo badala ya mtu. Baada ya Vita vya Pili walengaji wa mezani wa Marekani walianza kujipanga kwenye vyama, na mwaka 1951 ikaundwa NBRSA, chama chao cha taifa. Hapo ikabidi waandike kanuni, na kanuni ikabidi iseme mfuko ni nini.

Walichoandika kinanifurahisha kila nikikisoma. Katika madaraja ya kawaida, bunduki ilale kwenye mifuko, na mifuko isijazwe ikakakamaa: msimamizi akibonyeza kwa kidole, ibonyee angalau robo inchi. Robo inchi ni milimita 6 hivi. Kipimo cha maabara cha ajabu, kidole cha msimamizi! Lengo lilikuwa kuzuia ujanja. Mfuko uliokazwa kupita kiasi na kufinyangwa kwa umbo la bunduki unakuwa reli: bunduki inarudi palepale yenyewe, na mlengaji kazi yake imekwisha.

Fizikia ya robo inchi

Walioandika kanuni ile walikuwa walengaji. Lakini bila kukusudia walikuwa wameweka kidole, kwa maana zote mbili, juu ya jambo ambalo Osborne Reynolds, profesa wa uhandisi huko Manchester, alikuwa amelieleza mwaka 1885.

Reynolds utamkuta kwenye vitabu vya mabomba na mikondo ya maji. Ile namba ya Reynolds ni ya kwake. Lakini alikuwa pia na mifuko. Alichukua mfuko wa mpira, akaujaza chembe (mchanga, au gololi ndogo za risasi), akaongeza maji mpaka hewa yote ikatoka, akaufunga. Ungetegemea nini? Mfuko laini wa maji na mchanga, utabonyea tu. Haubonyei. Unakakamaa kama jiwe.

Sababu yake ukishaiona huisahau. Chembe zilizopangana vizuri zimelaliana kwenye mashimo ya wenzake, kama machungwa kwenye meza ya muuza matunda. Ukitaka kuzisogeza, kila chembe lazima kwanza ipande juu ya jirani yake ndipo ipite. Kupanda kunahitaji nafasi. Yaani rundo lililobanana, ili libadili umbo, lazima kwanza livimbe. Kama mfuko umefungwa na hauna nafasi ya kuvimba, basi halibadili umbo, kwisha habari. Umeshaona hili pwani: ukikanyaga mchanga uliolowa karibu na maji, kuzunguka mguu wako mchanga unakauka ghafla. Wengi hudhani mguu umekamua maji. Ni kinyume. Mchanga umevimba ulipokanyagwa, na maji ya juu yamezama kujaza nafasi mpya. (Reynolds mwenyewe alinogewa mpaka akaamini ulimwengu mzima umejazwa chembe za namna hiyo, na mwaka 1903 akachapisha kitabu kizima juu ya hilo. Hatukumfuata huko.)

Sasa rudi kwenye kidole cha msimamizi. Mfuko uliojazwa pomoni hauna nafasi ya kuvimba, kwa hiyo ni jiwe, na kidole hakiingii. Mfuko uliojazwa nusu una nafasi tele, kwa hiyo unatiririka, na bunduki inazama. Robo inchi ni pale katikati, ambapo chembe zinaruhusiwa kusogea kidogo kisha zinabanana. Walengaji waligundua mahali hapo kwa mikono. Ndiyo maana pia utawaona kabla ya risasi ya kwanza wanaupiga mfuko ngumi, au wanaigongagonga bunduki juu yake. Si mbwembwe. Mwaka 1960 mtafiti aitwaye G. D. Scott alimwaga gololi za chuma zenye ukubwa sawa kwenye vyombo. Zikimwagwa taratibu, zilijaza kama asilimia 60 ya nafasi. Akitikisa, zilifika karibu asilimia 64 na hapo zikagoma. Asilimia nne unaona ni ndogo? Rundo lenye kimo cha sentimita 10 likitoka hali ya kwanza kwenda ya pili linashuka milimita 6. Usipoutuliza mfuko wewe kwa ngumi, utatulizwa na bunduki, risasi baada ya risasi, katikati ya mashindano.

Kutoka hapo, sifa za kitu cha kujaza unaweza kuzitunga mwenyewe. Chembe ziwe na kona kiasi, maana tufe laini linabingirika juu ya jirani yake bila kazi kubwa. Gololi za plastiki ni tatizo kwa sababu hiyo. Ziwe kavu, kwa kuwa unyevu kidogo tu unaunganisha chembe kwa vidaraja vya maji, kama watoto wanavyojua wakijenga nyumba za mchanga, na mfuko wa asubuhi unakuwa si mfuko wa mchana. Ziwe ngumu, zisisagike zikawa unga. Na kama mfuko haubebwi mbali, ziwe nzito.

Walichokuwa nacho

Hizo ni sifa za karatasini. Historia haikwenda hivyo.

Chukua magunzi. Kwa nini mtu ajaze mfuko wa shabaha magunzi ya mahindi yaliyosagwa, wakati mchanga ni bure? Kwa sababu alikuwa nayo tayari gereji. Walengaji wengi hujaza upya maganda ya risasi zao, na maganda hayo husafishwa kwenye mashine inayotikisika yenye chembe za magunzi au za maganda ya jozi, zile kokwa ngumu za nchi za baridi. Viwanda navyo vilitumia chembe hizohizo kung'arisha metali. Gunia la chembe za kusafishia likibaki nusu, linaingia mfukoni. Halikuwa chaguo baya: yana kona, ni makavu, mepesi kubeba. Ubaya wake ni huo wepesi. Lita moja ya magunzi ina uzito wa kama nusu kilo, lita moja ya mchanga wa kawaida kilo 1.6 hivi. Mfuko wa lita tatu wa magunzi una kilo moja na nusu, na bunduki ikirudi nyuma inaondoka nao.

Mchele na maharage viliingia kwa mlango huohuo, safari hii kutoka jikoni. Sikuhitaji kukuhubiria juu ya fukusi na panya, unawajua. La kuongeza ni maji. Huko nyuma kabisa, mwaka 1727, mchungaji wa Kiingereza Stephen Hales alichapisha majaribio ya kulowesha njegere ndani ya chungu cha chuma kilichofunikwa kwa kifuniko chenye uzito juu yake. Njegere zilivimba mpaka zikasukuma. Zilipozuiwa zisiinuke, zilibanana zikapoteza umviringo wao na kuwa na pande bapa. Mfuko wako wa maharage ukinyeshewa, jaribio ni hilohilo, ila chombo ni mshono wako.

Mchanga mzito nao ulitoka kiwandani. Mafundi wa kusubu chuma hutengeneza kalibu kwa mchanga, na kwa kazi ngumu wanatumia zirkoni, ambayo haivimbi sana kwa joto, au kromaiti, ambayo Afrika Kusini inaongoza kuichimba. Densiti ya kwatzi, yaani mchanga wa kawaida, ni 2.65. Zirkoni ni kama 4.6, kromaiti iko karibu na hapo. Mlengaji aliyekuwa anamfahamu mtu kiwandani aliondoka na ndoo moja, na mfuko uleule wa lita tatu ukapanda kutoka kilo 5 hivi hadi 8 na zaidi. Hapo bunduki ikirudi, mfuko unabaki ulipo.

Na kama unadhani habari hii iko mbali na kwetu, nenda Kwale, kusini mwa Mombasa. Matuta ya mchanga ya kule yalikuwa na ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Kampuni ya Base Titanium ilianza kusafirisha madini hayo kupitia Likoni Februari 2014, na uchimbaji ukafungwa Desemba 2024. Sehemu kubwa ya zirkoni duniani inaishia kwenye vigae na vyombo vya kauri, nyingine kwenye kalibu. Walengaji wananunua kilo chache pembezoni mwa soko hilo kubwa. Lakini ule mchanga mweusi unaouona umejichora mistari ufukweni baada ya mawimbi makubwa ni kazi ileile ya kuchambua: maji yanaondoka na chembe nyepesi, nzito zinabaki. Usiuchote ukajaza mfuko, hata hivyo. Mchanga wa bahari una chumvi, chumvi inavuta unyevu, na kitu cha kwanza kupata kutu ni bunduki. Fundi mwashi yeyote atakwambia hataki kuuona kwenye zege lenye nondo.

Vumbi

Kuna jambo moja ambalo mijadala ya uzito na kona hulipita haraka, na mimi sitaki tulipite.

Kwatzi ni silika. Chembe unazoziona haziwezi kukudhuru, ni kubwa mno kufika ndani ya mapafu. Vumbi lake usiloliona ndilo linalofika, linakaa huko, na mapafu yanajijengea makovu. Ugonjwa unaitwa silikosisi na hauna tiba ya kurudisha mapafu yalivyokuwa. Mwaka 1930 na 1931, huko Hawks Nest, West Virginia, wafanyakazi wengi wao wakiwa weusi walichimba handaki la maji kwenye mwamba wenye silika nyingi, bila kinga. Walikufa kwa mamia. Uingereza ilitunga kanuni mwaka 1949 kuzuia mchanga wa silika usitumike kupulizia na kusafisha vyuma vya kalibu. Mwaka 1997 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka silika ya kuvutwa kazini kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa uhakika.

Mtu anayejaza mfuko mmoja kwa mwaka hayuko kwenye hatari ya mchimba handaki, tusitishane. Lakini kuna watu wanaoshauriana kutafuta mchanga laini kama unga ili mfuko "ushike vizuri," na huo ndio ushauri wa kukataa. Unga wa silika unapenya kwenye mshono, na kila risasi inapofyatuliwa mfuko unapumua vumbi sentimita chache kutoka puani kwako. Chukua mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yakatoka safi, ukaushe juani siku mbili, upepete nje upepo ukiwa mgongoni, uso umefunikwa, na uweke ndani ya kitambaa kigumu kwanza kabla ya ngozi.

Kupiga na kupiga

Kiswahili chetu kinapiga risasi na kinapiga picha, kitenzi kimoja. Mfuko nao haujali. Mpiga picha wa wanyama pale Serengeti au Maasai Mara ana lenzi nzito imelala kwenye dirisha la gari, na chini yake kuna mfuko uleule. Kamera haipigi teke, kwa hiyo uzito hauna maana kubwa. Anachotaka ni kutuliza mtetemo na kufuata umbo la lenzi. Na ndege ndogo za kwenda mbugani mara nyingi zinaruhusu kilo 15 tu za mizigo. Basi anakuja na mfuko mtupu umekunjwa, anashuka sokoni Arusha au Nairobi, anajaza maharage au mchele. Ni hesabu ileile ya gunia la handaki. Safari ikiisha wengine huyaacha maharage kwa wapishi wa kambi, na hapo mchanga umeshindwa vibaya.

Maharage yana faida nyingine ambayo hayakuchaguliwa kwa ajili yake. Mwaka 2004 watafiti wa Princeton walionyesha kwamba maumbo yaliyobonyea, kama zile peremende za M&M, yakitikiswa hujaza asilimia 68 hadi 71 ya nafasi, zaidi ya tufe. Umbo lisilo duara linagusana na majirani wengi zaidi kabla ya kutulia. Harage si peremende, lakini ni ndugu.

Kwa wepesi zaidi kuna punje za polistairini, zilezile zilizoingia majumbani mwaka 1968 Waitaliano watatu walipobuni kiti cha Sacco, mfuko mkubwa unaokaliwa. Kwa kamera zinafaa kwa kiasi. Kwa bunduki, sikushauri. Punje zenyewe zinabonyea, kwa hiyo hata zikibanana mfuko unarudi kama springi.

Na kahawa? Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walijaza kahawa ya kusaga ndani ya puto, wakaliweka kwenye mkono wa roboti badala ya vidole. Puto linagandamizwa juu ya kitu, hewa inanyonywa, chembe zinabanana, na puto lililokuwa laini linashika yai au kalamu na kuinyanyua. Kahawa ilifaa kwa sababu ni nyepesi na ina kona nyingi. Ni mfuko wa Reynolds, isipokuwa safari hii kinachoondolewa ni hewa.

Hili unaweza kulijaribu leo jioni. Chukua puto, tia kahawa ya kusaga iliyo kavu vijiko sita hivi, ingiza mrija mdomoni mwa puto na pamba kidogo mwisho wake ili usimeze kahawa, funga kwa raba. Libonyeze, utaona linajifinyanga. Sasa nyonya hewa, kunja mrija, na ubonyeze tena. Ukimaliza, toa kahawa, weka mchele, rudia. Kisha weka dengu. Andika ni kipi kilikakamaa zaidi, na kama unaweza kupima kwa rula, kidole chako kilizama milimita ngapi.